Gesi au Umeme? Kesi ya Friji la Tela

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, vuta kigoda tukae. Wewe nikikusimulia hutanicheka. Ambao bado hawajaoa wasome tu, itawafaa baadaye.

Naishi Soweto, hii ya Mbeya, si mbali na Mwanjelwa. Mji wetu umekaa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai, maji ya ndoo iliyolala nje hunawi uso mpaka umtaje Mungu kwanza. Maziwa ukiyaacha dirishani usiku yanaamka salama. Nyama ya Jumamosi inafika Jumapili haijabadilika tabia. Katika mji wa namna hii mwanaume anaweza kuoa, kusomesha na kustaafu bila kulitaja friji hata mara moja, na mimi ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Tatizo ni kwamba kwetu mipango mikubwa hupitishwa kwenye kikundi cha vicoba cha mke wangu, ambaye ndani ya nyumba tunamwita Mwenyekiti. Mimi huletewa ile midogo, na hata hiyo naletewa ikiwa imeshafikia hatua ya kuchangia.

Ndivyo lilivyoingia tela. Mwenyekiti alikwenda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, akaona watu wanauza chakula kwenye vibanda vya magurudumu, akarudi nyumbani kimya. Huyu mwanamke akirudi kimya, mimi huenda kuangalia akiba. Haikupita muda nikasikia kuna fundi wa kuchomelea Mwanjelwa, kuna chesisi ya pikapu iliyokufa, kuna mbao za Mafinga, na kuna mume ambaye hajaambiwa. Tela likaja jioni moja limepakwa rangi ya kijani. Lina dirisha la kuuzia, lina kitanda cha kukunja cha kulalia safarini, na upana wake unazidi geti letu kwa kiganja kimoja. Fundi alipotumwa kupima geti alikuta la kwetu limefungwa, akapima la jirani. Nguzo ya geti, niliyoisimamisha kwa mikono yangu na saruji iliyobaki kwenye msingi, iking'olewa nilikuwepo. Nikaambiwa ni kwa muda tu. Mpaka leo imelala pale pale, kuku ndio wanaoitumia.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: Agosti tela liende Nane Nane kuuza mtindi, soda na nyama choma, Desemba literemke Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuuza vinywaji kwa wala sikukuu na kurudi na samaki wa kuuza mjini. Kwa hiyo, alisema Mwenyekiti, friji ni lazima. Swali likawa moja tu: liwe la gesi au la umeme?

Hapa ni lazima nikutambulishe kwa wajumbe, maana bila kuwajua hutaelewa nilivyoshindwa.

Wa kwanza ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tukuyu kutusalimia, na salamu hazijaisha. Sisi tumempa jina la EWURA, na usiseme sina adabu, mwenyewe analijua na analifurahia. Ile mamlaka halisi hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Huyu wa kwetu hutangaza kila asubuhi: leo gesi ni ya chai peke yake, maharage yaende kwenye mkaa. Rufaa hakuna.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake Mwenyekiti, tunamwita Voti. Alisomea umeme wa majumbani, akaacha mtihani ulipokaribia. Akishika bisibisi, majirani huchomoa televisheni zao.

Halafu kuna binti yangu, Katibu, anayeandika kumbukumbu za vikao kwenye daftari la hisabati. Na kuna kijana wangu mdogo, Bwana Mlango, ambaye hajawahi kufunga kitu alichokifungua tangu azaliwe.

Kikao kikafunguliwa. EWURA akasimama upande wa gesi.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimefanya kazi zahanati ya misheni enzi ambazo umeme tuliuona kwenye radi tu. Chanjo za watoto zilikaa kwenye friji la mafuta ya taa. Utambi unawaka chini, baridi iko juu. Tukachanja watoto, wakakua, wengine ndio hawa wanaojifanya wajanja mbele yetu."

Voti, mjanja mwenyewe, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, moto ulete baridi? Basi tuweke na jua tupate barafu."

Nikaona hapo ndipo nafasi yangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mwalimu wa fizikia akiwa nyumbani kwake hupata wasikilizaji wachache kuliko mhubiri wa stendi ya Kabwe. Nikaeleza kwamba mama anasema kweli. Friji la moto halina kompresa. Ndani ya mabomba yake kuna maji, amonia na hidrojeni. Moto unachemsha ule mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa kwenye mabomba ya nyuma na kuwa kimiminika, inateremka hadi sehemu ya baridi, inakutana na hidrojeni na kugeuka mvuke tena. Kila inapogeuka mvuke inaondoka na joto la soda zako. Kisha maji yanaifyonza, safari inaanza upya. Hakuna kinachozunguka wala kinachonguruma. Waliobuni kitu hicho mwaka 1922 walikuwa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na mwaka 1925 kampuni ya Electrolux ikaanza kulitengeneza la kuuza. Hata Albert Einstein, yule yule, alibuni friji lake lisilo na kompresa akiwa na mwenzake Leo Szilárd, wakapewa hataza ya Marekani mwaka 1930.

"Einstein alikuwa na mama mkwe?" akauliza Katibu, kalamu ikiwa tayari.

"Alikuwa nao wawili, maana alioa mara mbili."

EWURA akanitazama. Nikarudi haraka kwenye amonia.

Nikamalizia kwa ushauri: kwa tela linalotembea, afadhali friji dogo la kompresa la volti 12, betri nzuri, na sola juu ya paa. Nimeyaona maandishi ya Katibu kuhusu hotuba hiyo yote. Ameandika: "Baba aliongea." Basi.

Kabla kumbukumbu hazijasainiwa, Mwenyekiti akaleta friji. Kuna mfanyabiashara aliyekuwa amefungua kontena la mitumba ya Ulaya, na ndani yake mlikuwa na friji dogo lililong'olewa kwenye karavani, yale matela ambayo Wazungu huyavuta wakienda likizo. Lina njia tatu: gesi, umeme wa nyumbani wa volti 230, na betri ya gari ya volti 12. Muuzaji alimwambia, "Mama, hili linakula kila kitu." Yule bwana hakudanganya.

Tukaanza na gesi, kwa heshima ya mkubwa. Mtungi wa kilo 6 ukatolewa jikoni ukahamishiwa kwenye tela. Friji la namna hii hula gramu 300 hadi 400 za gesi kwa siku. EWURA akapiga hesabu kwa vidole, akaona mtungi utamaliza wiki mbili na ushee. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwamba sisi tulikuwa tumeshaingia kwenye hiyo asilimia. Mtungi ulipohamia kwenye tela, tukatoka. Tukarudi kwenye mkaa, na mpuliza mkaa wa nyumba hii ni mimi.

Halafu ukaja msala wa kiwanja. Friji la amonia halina pampu ya mota: moto hupandisha mchanganyiko kwa mapovu, na kurudi chini vimiminika vyake hutegemea kuteremka. Likiinama zaidi ya digrii chache, amonia na maji yake vinatuama mahali pasipotakiwa, chungu cha nyuma kinachemka kikiwa kikavu, na ukiliacha hivyo muda mrefu mabomba huziba na friji likafa moja kwa moja. Sasa nionyeshe kiwanja kilicho sawa Soweto. Uani kwangu ukidondosha chungwa, unalifuata kwa jirani. EWURA akaweka bakuli la maji juu ya friji, akakaa kwenye kigoda anatazama maji yanalalia upande gani, akawa anaamuru: "Tofali moja huku. Toa lile. Rudisha." Matofali hayo niliyanunua kwa ajili ya choo cha wageni. Wageni wavumilie.

Tukawasha. Upepo wa Mlima Loleza ukazima. Tukawasha tena. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba ukipita mita 1,000 kutoka usawa wa bahari moto wa mafriji haya unaweza kusumbua, na sisi hatujawahi kuwa chini ya hapo. Juu ya hayo, gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani ikikaribia nyuzi sifuri hugoma kutoa mvuke. Alfajiri za Julai moto ulikuwa unafifia mpaka unatia huruma. EWURA akauvika mtungi blanketi. Blanketi langu. Usiku ule mimi nililala na koti, mtungi ukalala vizuri.

Bwana Mlango naye alikuwa anafungua friji kila baada ya dakika chache ili aone kama taa inazima likifungwa. Mafriji haya hupoa taratibu, huchukua saa nyingi hata bila msaada wa mtoto. Jioni tukatoa soda ya kwanza. Tukailinganisha na ile iliyosahauliwa juu ya ukuta tangu asubuhi. Ya ukutani ilikuwa ya baridi zaidi.

"Umeme," akasema Voti, akachomoa bisibisi mfukoni.

Akaliunganisha kwenye soketi ya sebuleni. Likapoa kweli, nisimnyime haki yake. Lakini sisi tuko kwenye ile tarifa ya matumizi madogo: usipozidi uniti 75 kwa mwezi unanunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, ukivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Friji hili kwenye umeme huchota wati 125 hivi. Likikazana mchana na usiku ni uniti 3 kwa siku, maana yake siku 25 zinatosha kumaliza uniti zote 75 bila taa, bila pasi, bila simu ya mtu yeyote. LUKU ikaanza kulia usiku. EWURA akatoka chumbani na tamko la dharura.

Voti hakukata tamaa. Alisubiri tulale. Uani kulikuwa na Hilux ya baba mdogo wa Mwenyekiti, mzee wa kanisa, aliyelala kwetu ili asubuhi ampeleke EWURA ibadani. Voti akavuta nyaya, akalifunga friji kwenye betri ya Hilux. Fizikia yake ni ya darasa la chini kabisa: friji la namna hii kwenye volti 12 hunywa ampea zaidi ya 10 bila kupumzika, na betri ya pikapu ya ampea-saa 70, hata ikiwa mpya, haivuki saa saba. Ilipofika saa moja asubuhi soda zilikuwa safi kabisa. Hilux ilikuwa haikohoi.

Tukasukuma. Mimi, Voti, Katibu, na jirani aliyetoka kupiga mswaki. Ndani ya gari alikaa mzee wa kanisa kwenye usukani, na pembeni EWURA na kitabu cha nyimbo mapajani. Alikataa kushuka kwa sababu ya viatu. Mteremko wa Soweto, ambao kwa friji ulikuwa adui, ndio uliotuokoa. Injini ikashika kule chini, gari likaondoka bila kusema asante. Jioni mzee alirudi na bei ya betri mpya. Voti alikuwa ameenda kuswaki.

Basi Nane Nane ikafika. Agosti, Mbeya. Unajua tulichoulizwa na wateja pale dirishani? "Mama, soda ya moto ipo?" Mmoja, wa pili, mstari mzima. Watu wamevaa makoti, mikono kwapani, wanataka soda isiyowahi kuliona friji. Mtindi nao ukaisha ukiwa kwenye ndoo. Friji likazimwa, likawekwa maandazi, na baadaye viatu vya Voti. Mwenyekiti akafunga hesabu akiwa na faida, akasema friji limeleta bahati. Sikubisha. Mimi nilikuwa nageuza nyama.

Desemba tukateremka Matema. Kuanzia Uyole barabara inapanda, kisha inashuka na kona zake hadi Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela, na ziwa lenyewe liko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Yaani unaondoka na sweta, unafika ukitafuta pa kulivulia. Kabla ya kuondoka nilisema valvu ya mtungi ifungwe safari nzima. Tela linalotembea likiwa na moto ndani linaomba msiba. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni inasubiri cheche. Nilikuwa hata nimetoboa matundu sakafuni na ukutani, kwa sababu mtoto angelala humo, na moto unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa inayoua bila kunuka.

EWURA akasema matundu amefurahi nayo, ila moto hauzimwi, samaki watalala wapi? Kikao cha barabarani kilimuunga mkono. Mpaka tulipoingia kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akaja na mpira wake, akachungulia nyuma, akaona kimwali cha buluu kinacheza. Alirudi nyuma bila kugeuka. Akiwa mbali ndipo akatuomba, kwa adabu kubwa, tuzime hicho kitu au tuondoke nacho. EWURA mwenyewe akafunga valvu. Kwa kijana wa pampu alikubali mara moja, na hilo bado linaniuma.

Matema ni pazuri, sikatai. Milima ya Livingstone imesimama pembeni, maji maangavu, mchanga msafi. Lakini ni joto, na friji la moto hushusha nyuzi ishirini na kidogo tu chini ya joto la nje. Nje pakiwa 32, ndani una kumi, na samaki kwenye kumi anaanza kufikiria mambo mengine. Mwenyekiti alikuwa ameshanunua mbasa, wakubwa, wa kupendeza. Saa tisa alasiri akafungua friji, akanusa, akalifunga polepole. Kila mtu akatazama ziwa.

Kilichookoa mbasa ni barafu za kwenye mifuko, zile za kugandishwa nyumbani, pamoja na friza ya mama mmoja mwenye umeme wa TANESCO na moyo mzuri. Friza ina kompresa. Voti alisimama mbele yake amekunja mikono, hakusema neno, ila kifua kilikuwa kimetoka.

Tuliporudi Mbeya, Mwenyekiti akatangaza uamuzi wake, alioufikia mwenyewe baada ya kutafakari sana: friji dogo la kompresa la volti 12, betri nzuri, na sola juu ya paa. Katibu akaandika. Wajumbe wakapiga makofi. EWURA akasema wazo hilo alikuwa nalo tangu mwanzo. Nami nikapiga makofi.

Sasa wewe msomaji, usije ukasema nimekumalizia muda bure. Kama tela lako litasimama mahali pamoja, penye ubaridi, kiwanja kiko sawa, matundu ya hewa yapo na umeme haupo, friji la gesi linafaa, tena halipigi kelele. Ila mtungi wake uwe wa peke yake, na likitembea lizimwe. Kama tela linatembea, linainama na linashuka kwenye joto, chukua la kompresa. Hilo halijali mteremko. Hunywa ampea 4 au 5 likinguruma, kisha hupumzika, na kwa siku nzima linaweza kuridhika na uniti moja au pungufu. Betri iwe ile ya kutoa umeme taratibu, si ya kuwashia gari, na hasa isiwe ya gari la mzee wa kanisa. Na lile la njia tatu ukilikuta kwenye kontena, lichomeke kwenye umeme kwa siku mbili tatu tu, usilifanye mpangaji wa kudumu kwenye LUKU yako.

La kwetu EWURA amelichukua chumbani kwake, anahifadhia vitenge. Lakini ule mtungi wa kilo 6 bado haujarudi jikoni. Nasikia sasa unasubiri mpango mwingine wa Mwenyekiti, ambao mimi sijaambiwa. Mwenye mtungi wa kuazima anifikirie. Mkaa wa leo ni mbichi.